Mchumba wa Mume Wangu

Mume wangu aliniacha kwa barua iliyosomwa sebuleni kwetu Ujiji, mbele ya baba yangu na mashahidi wawili, na mimi nilikuwa nimekubali. Hatukuwa tumegombana. Aliniacha ili aweze kunichukua.

Alikuwa mtoto wa Ujiji kama mimi. Mama yake anaanika dagaa Kibirizi, na wanunuzi wa magunia wote wanamfahamu. Yeye mwenyewe aliondoka akiwa kijana, akaenda ng'ambo na mjomba wake, akafanya kazi za ghalani mpaka akapata uraia wa huko. Alirudi likizo ana miaka thelathini na mbili, anatafuta mke wa nyumbani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Gungu, nina miaka ishirini na sita, na mama alikwisha kuanza kuniangalia kama chakula kinachopoa. Tulioana. Tulikaa pamoja wiki sita, kisha akarudi kazini akisema viza yangu ni suala la miezi tu.

Alipoanza kuulizia akakuta kuna njia mbili. Ya kwanza ni viza ya mke. Hiyo ilitaka cheti cha ndoa, picha, vipimo na subira; alikuwa na wenzake wawili waliokuwa wanawasubiri wake zao kwa mwaka wa tatu. Ya pili ni viza ya mchumba, ya mtu anayekwenda kuolewa huko huko. Hiyo wengi waliipata ndani ya mwaka mmoja, ila sharti lake ni kwamba wote wawili wasiwe na ndoa. Njia ya tatu ilikuwa yeye kurudi Kigoma. Hiyo hakuna aliyeitaja, hata mimi sikuitaja. Nilikuwa nimeshaanza kuwaaga walimu wenzangu.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Cheti chetu cha msikitini kikae kabatini, picha za harusi zifutwe, na mimi niandike kwamba sijawahi kuolewa. Alinieleza hayo kwa simu asubuhi moja kabla sijaenda shule, na baba, ambaye ni fundi cherehani na hushonea pale pale barazani, akawa anasikia. Akasimamisha mashine.

"Mimi nimekuozesha mbele ya watu," akasema. "Sasa nikaseme sikukuozesha?"

Baba hakuwa mtu wa makelele. Aliposhona nguo ikapinda, alifumua yote, hata kama mwenye nguo mwenyewe hajaona. Alikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu kuuliza kama mtu anaweza kutoa talaka ya kwenye karatasi tu, moyoni ndoa ikabaki. Sheikh akamjibu kuwa talaka haina mzaha, ukiitoa imetoka. Baba alikaa na jibu hilo siku kadhaa, kisha akatuita mimi na mama. Akasema kama tunaitaka njia ya mchumba, basi niwe mchumba kweli. Mume aniache talaka moja, nikae eda, eda ikiisha aombe viza, na nikifika huko tuoane upya. Hapo hakuna atakayekuwa amemdanganya mtu, si serikali wala Mungu.

Niliona busara. Mume wangu naye akaona busara. Alisema mzee ana akili. Mama peke yake aliinuka akaenda uani. Nilipomfuata nikamkuta anachambua mchele. Akaniambia bila kuinua uso, "Mume hatolewi nyumbani kwa mkono wako mwenyewe." Nilimwona mtu wa zamani.

Barua ikaja, ikasomwa, mashahidi wakaweka saini. Ilikuwa na mistari minne. Nakala moja ikaenda kwa kadhi, moja ikatumwa ng'ambo kuingia kwenye faili. Baba aliisoma kwa sauti ile ile anayosomea vipimo vya suruali.

Eda ya talaka ya namna hiyo ni kama miezi mitatu, na katika muda huo mume akitaka kumrudia mke anamrudia tu, hata kwa neno. Jambo hilo ndilo lililomtia baba hofu. Akampigia mume wangu simu akamwonya asiniite tena mke wangu. Neno hilo likimponyoka, alisema, linaweza kuhesabiwa kuwa amenirejea, na faili lote likaharibika. Kwa hiyo kwa miezi mitatu mwanamume niliyempenda alinipigia kila asubuhi, akaniita "wewe." Wewe umeamkaje. Wewe umekula. Siku moja alianza kusema "mke," akakatiza katikati, akakohoa. Tulicheka sana siku ile. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi, na sijapata kukiona tena cha kuchekesha.

Eda ilipoisha baba akasema sasa huyu ni mwanamume wa kando kama wengine. Akitaka kuzungumza nami, azungumze mama akiwepo. Mama alikaa karibu na simu, anasuka ukindu, na sisi tukaulizana habari za mvua.

Mtaani niliitwa mtalaka. Nilijaribu kueleza. Niliwaambia jirani zangu kuwa ni mambo ya viza, kwamba ananipenda, kwamba talaka ni ya kunipeleka kwake. Walinisikiliza kwa upole mwingi. Mmoja alinishika bega akaniambia hata dada yake alikuwa anasema hivyo hivyo mwanzoni. Shuleni mwalimu mkuu alinipunguzia vipindi bila kuniuliza, kama mtu anayeugua. Nikaacha kueleza.

Baada ya miezi minane akaja Kigoma. Kulikuwa na sharti kwamba wachumba wawe wameonana ana kwa ana, na mimi nilidhani amekuja kwa ajili ya sharti hilo. Alikaa kwa mama yake siku mbili kabla ya kuja kwetu. Alipokuja alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, nikamsikia anamwita baba "mzee." Zamani alimwita baba.

Alisema faili limerudishwa. Wenye kazi yao wamelitilia shaka, wanasema mtu hamwachi mkewe mwezi huu akamwombea viza ya mchumba miezi michache baadaye, ni mchezo. Sasa inabidi tufunge ndoa upya tuanze ile njia ndefu. Mpaka leo sijui kama lilirudishwa kweli. Sikuwahi kuona karatasi.

Baba alisema, "Basi muoe leo. Mahari hatutaki. Msahafu mmoja unatosha, na mashahidi nitawaita sasa hivi."

Nilisogea karibu na pazia na sinia langu.

"Nitafikiri, mzee," akasema.

Nikaingia na chai kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Akanipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni mwenye adabu, akasema, "Hujambo, mwalimu."

Wiki iliyofuata aliondoka. Mwanamke anayeanika dagaa jirani na mama yake ndiye aliyeniambia kuwa kabla ya kuondoka yeye na mama yake walikwenda Simbo kupeleka posa kwa mkulima mmoja mwenye binti wa miaka ishirini. Viza ya binti ingekuwa ya mchumba. Safari hii halikuwepo la kutiliwa shaka, kwa maana mwanamume hakuwa na mke. Karatasi ya kuthibitisha hilo ilikuwepo, ina saini, na jina la kwenye karatasi lilikuwa langu.

Nilimwambia mama. Hakusema nilikwambia. Aliendelea kusuka, na nadhani angesema ningepata nafuu.

Miezi mingi ilipita. Kisha mchana mmoja aliyekuwa mama mkwe wangu akaja shuleni kwa bodaboda, ananukia dagaa na marashi, akanisubiri chini ya ukuta wa ofisi. Alinishika mikono. Alisema yeye na mimi hatujawahi kugombana, na ni kweli. Alisema mambo ya ndoa ni ya Mungu. Halafu akasema yule binti wa Simbo ameitwa ubalozini Dar es Salaam kwa mahojiano, ni mtoto wa shamba, hajui lolote, na mimi ndiye mtu pekee anayemfahamu aliyekwisha kuyasoma yale maswali. Alitaka nimfundishe.

"Hajui wewe ni nani," akaniambia. "Nimemwambia ni mwalimu tu anayejua mambo ya viza. Mfundishe, mwanangu. Mungu atakulipa."

Nilimwangalia mama yule usoni nikitafuta haya. Haikuwepo. Hakuwa anafanya ukatili, alikuwa na shida na ameona mahali pa kuitatulia. Nikasema aje.

Alikuja Ijumaa baada ya vipindi. Mrefu, amevaa kitenge kipya, na daftari mkononi. Alinisalimia "mwakeye" kwanza, kama watu wa kwao, kisha akajirekebisha akasema shikamoo mwalimu. Nikaitikia marahaba. Darasa lilikuwa tupu. Alikaa kwenye dawati la mbele la wanafunzi wa darasa la tatu, magoti yamembana, na mimi nikasimama.

Nilianza na mambo ya kawaida: tarehe ya kuzaliwa ya mchumba wake, kazi anayofanya, jina la mjomba wake, walikutana wapi. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa. Nilimuuliza amekaa naye muda gani. Alisema siku sita, sebuleni kwao, mama yake mzazi akiwepo. Simu alikuwa anapiga Jumapili.

Nikamwambia hiyo haitoshi, watamuuliza mambo ambayo mchumba wa kweli anayajua. Nikaanza kumpa. Nilimwambia hali kuhe, yule samaki wa ziwani, kwa sababu akiwa mdogo mwiba ulimkwama kooni. Anaogopa mbwa. Hulala na redio ikiwa imewashwa, ukiizima anaamka. Ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Chini ya bega la kulia ana baka jeusi, kubwa kama ukucha wa dole gumba.

Kalamu ikasimama. "Mwalimu, mimi sijamwona bila shati."

"Andika," nikasema. "Wanapenda mtu ajue."

Akaandika. Masikio yalimwiva kwa aibu, na mimi nilimtazama yakiiva. Aliniuliza nimejuaje hayo yote. Nikasema nilishughulikia faili lake la zamani. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja mpaka hapo, na niliona fahari ya kijinga kwa hilo, kana kwamba baba ananisikia.

Karibu na mwisho akauliza, "Na wakiniuliza kama amewahi kuoa?"

"Mama yake amekwambia useme nini?"

"Amesema hajawahi."

Nilijua faili lina talaka yangu ndani. Bila karatasi ile asingeweza kumwombea mtu viza ya mchumba, kwa kuwa ndoa yetu walikuwa nayo tayari kwenye maombi ya kwanza. Nilijua afisa ataifungua mbele yake. Kumwambia ukweli kungechukua nusu dakika. Nilisikia watoto wanacheza mpira nje, nikapangusa ubao ambao haukuwa na kitu.

"Basi sema hivyo," nikamwambia. "Sema hajawahi kuoa kabisa. Usisite, ukisita wataona unadanganya."

Aliandika na hayo, akapiga mstari chini yake. Akanishukuru, akaniachia mfuko wa maparachichi kutoka shambani kwao. Niliyala.

Walimuaga Simbo kwa dua na chakula. Kulikuwa na kijana wa kule aliyekuwa amemposa kabla, akakataliwa. Naye alialikwa, akaja akala. Hayo nilisimuliwa.

Binti alirudi baada ya wiki mbili. Alikuja tena shuleni, saa ile ile, hana daftari. Safari hii hakuniamkia. Alisimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, kuna jina nimelisoma kule. Ni lako."

"Ni langu."

"Ulijua wataniuliza."

"Nilijua."

Akanieleza taratibu, kama anayesimulia mambo ya mtu mwingine. Afisa alimuuliza kama mchumba wake amewahi kuoa, akasema hajawahi kabisa, hakusita. Akawekewa karatasi mezani. Akaulizwa huyu mwanamke ni nani. Yeye akalisoma jina, akaona ni la mwalimu wa Gungu, na kwa kuwa hakuwa na jibu aliloandikiwa, akasema kweli. Akasema ndiye aliyemfundisha cha kujibu. Afisa akauliza amefundishwa nini kingine. Akamwambia yote: redio, kovu, baka la begani. Akaambiwa arudi nyumbani. Mwanamume alimpigia mara moja, akamwambia amemwaibisha, asimtafute tena.

Nilimwambia nitaandika barua ubalozini, nieleze kosa ni langu. Nilikuwa namaanisha, ingawa nilijua barua haiwezi kumrudishia mtu aliyekwisha kumkataa. Alitikisa kichwa. Alichotaka kilikuwa kingine.

"Nilikukosea nini?" akauliza.

Nilitafuta jibu. Ningeweza kumwambia nilikuwa na uchungu, na angeelewa, maana alikuwa binti wa kuelewa. Lakini halikuwa jibu la kweli.

"Hukunikosea," nikasema. "Yeye alikuwa mbali. Wewe ulikuwa karibu."

Alinitazama kidogo, kisha akatoka. Hakulia mbele yangu. Niliona kanga yake ikikata uwanja wa shule mpaka barabarani, akapanda bodaboda.

Nilimweleza baba jioni ile. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anigombeze kama mtoto, yaishe. Alisimamisha cherehani akanisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza nyumba ya kina binti iko upande gani wa Simbo. Nikasema sijui. Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, akavaa kanzu yake ya Ijumaa na ilikuwa Jumanne, akaenda kuwatafuta ili awaombe radhi.

Alirudi na mkungu wa ndizi. Akauweka chini, akakaa juu ya kizingiti, kitu ambacho hakifanyi. Alisema aliipata nyumba, akapokewa vizuri, akakaribishwa chakula. Alipoanza kueleza kilichomleta, mzee mwenzake hakuelewa. Binti alikuwa amewaambia wazazi kwamba amekataliwa kwa sababu hajui Kiingereza. Jina langu hakulitaja. Baba akajikuta anazungumzia bei ya mbegu za maharage, akala, akaaga, akapewa ndizi za njiani.

"Nilikwenda kusema kweli," aliniambia. "Nikaona nikiisema nitamuumbua mtoto wao."

Tangu siku hiyo hakulizungumzia tena. Ila niliona kitu. Watu wakija kumuuliza ushauri, kama walivyozoea, baba husema yeye ni fundi nguo tu.

Mwanamume yule alioa huko huko aliko, mwanamke asiyehitaji viza. Mama yake bado yupo Kibirizi. Tukikutana sokoni ananiita mwanangu, na mimi namwitikia. Binti aliondoka Simbo. Wengine wanasema yuko Kasulu, wengine wanasema alivuka ziwa na biashara ya vitenge. Sikumtafuta. Nilijiambia kwamba kumtafuta kungekuwa kumsumbua, na hilo nalo halikuwa kweli.

Mimi niliolewa tena, na mwalimu mwenzangu, mjane, mtu wa taratibu. Hatuna haja ya viza yoyote. Tunakaa nyumba moja, tunafundisha shule moja. Kabla ya ndoa aliniuliza yaliyonipata kwa mume wa kwanza, nikamsimulia yote: barua, eda, sinia la chai, posa ya Simbo. Alisikitika, akasema nilionewa sana. Habari za yule binti sikumwambia, na mwaka huu ni wa tatu.